Rubondo kwa siku moja: ziwa ndilo linalopanga saa

Watu wa Kayanga na Nkwenda wanaopanga kwenda Kisiwa cha Rubondo huuliza bei kwanza, kisha kama sokwe wataonekana. Saa ya boti wanamwachia mwongozaji. Mimi ningeanza na saa, kwa sababu safari ya kwenda kisiwani na kurudi siku hiyohiyo huamuliwa zaidi na upepo wa Ziwa Viktoria kuliko kitu kingine chochote.

Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hayapoi. Hewa baridi huteremka ziwani kutoka pande zote, ikikutana huko inapanda juu pamoja na mvuke wa maji yaliyotandaa kilomita za mraba 68,800. Ndiyo maana radi za ziwani hupenda usiku wa manane na alfajiri. Pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuja upande wetu, na ndiyo sababu mojawapo Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Karagwe, nyuma ya vilima, tunaambulia kama nusu yake. Jua likishapanda mambo hugeuka: ardhi imepata joto, upepo unavuma kutoka ziwani, na mchana ukisonga mawimbi huanza kuinuka. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanafuatana karibu karibu, boti ndogo haipati nafasi ya kutulia kati ya moja na jingine. Kusi likikaza, Juni hadi Agosti, hali huwa ngumu zaidi.

Kwa hiyo muda mzuri ni ule wa katikati: kuondoka mnamo saa mbili au saa tatu asubuhi, mvua ya alfajiri ikishapita, na kuwa njiani kurudi kabla alasiri haijaingia. Nahodha akisema tusubiri, msubirini. Kutoka Kasenda, karibu na Muganza wilayani Chato, hadi kisiwani ni kama nusu saa tu, na nusu saa hiyo huwadanganya wengi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kupanda boti, mikanda yote ifungwe, kisha mwenzako alivute juu mabegani: likipanda hadi masikioni, limelegea.

Na hiyo siku moja ihesabiwe kuanzia Chato. Anayetoka Omurushaka akapita Kyaka, Muleba na Biharamulo hawezi kuiwahi boti ya asubuhi. Alale huko jana yake.

Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, na historia yake ni ya ajabu kidogo. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi pale walihamishwa miaka ya 1960. Kisha Bernhard Grzimek, yule Mjerumani wa filamu ya Serengeti, akaleta sokwe wapatao 17 kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya. Wengi walizaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wangali wadogo, wakakaa miaka katika mabustani ya wanyama. Hapakuwa na mafunzo yoyote: masanduku yalifunguliwa, wakaingia msituni. Baada ya muda walikuwa wakijitafutia matunda na kujisukia viota, na wanaoishi sasa ni kizazi chao. Twiga na tembo waliopo nao walipelekwa. Nzohe, viboko na mamba ni wenyeji.

Wasomaji wa Murongo huniambia kwamba kwao Entebbe ni jirani, na boti za kwenda kisiwa cha Ngamba zipo. Ni kweli, ila Ngamba, iliyoanzishwa 1998, ni makazi ya sokwe yatima. Wanalishwa kwa saa maalumu, na mgeni anawatazama kutoka jukwaani. Sokwe wa Rubondo hawana ratiba na mtu. Ukiwa na saa nne au tano kisiwani, sishauri uzimalizie zote kuwafukuzia. Mwombe askari wa hifadhi akuonyeshe viota: matawi yaliyokunjwa na kulazwa juu ya mti, majani yakiwa mabichi ni vya jana usiku, yakiwa ya kahawia ni vya zamani. Muda unaobaki, zungukeni kwa boti kando ya matete. Huko utamwona furukombe akishuka na kunyakua samaki, na kwangu hilo linatosha kulipia safari.

Kuongozwa majini si jambo geni kwetu. Mpelelezi Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 na boti yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande, aliishusha katika ziwa dogo ambalo Speke alikuwa ameliita Windermere, na ilimbidi amwombe Mukama Rumanyika watu wa kumwongoza. Hata mwenye boti yake mwenyewe alihitaji wenyeji.

Gharama inayouma ni ya boti, basi nendeni kikundi: walimu wa shule moja, au kwaya. Kila mtu achukue kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Na mkishuka, msikanyage maji ya kwenye matete hata kama ni ya kifundoni. Konokono wa kichocho hukaa hapohapo, na mamba pia.