Mwenyeji wa Kuresoi Ni Nani?

Siku ya soko pale Keringet, Kuresoi, ukungu wa Mau ukiwa haujainuka bado, wachuuzi wa viazi huwa wamekwisha kukaa juu ya magunia yao wakichambua, vikubwa huku na vya mbegu kule, na mtu akisimama kando atasikia lugha nne katika biashara moja: mama mwenye nasaba ya Kisii huwaamkia wateja wake "Chamgei" kama wafanyavyo Wakipsigis, humkaripia mwanawe kwa Ekegusii, huhesabu fedha kwa Kiswahili, na jirani akimwomba chenji kwa Kikikuyu, humjibu kwa Kikikuyu. Mama wa namna hiyo nilimwuliza yeye ni wa wapi. Alijifuta udongo wa mikononi kwa leso aliyojifunga kiunoni, akasema, "Mimi ni wa hapa, baba, nimezaliwa hapa." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini wakati wa kura wananiuliza tena."

Neno hilo "tena" limenikaa moyoni. Huku Kuresoi, ugeni una majira yake: hulala miaka minne, na wa tano ukaamka. Uliamka 1992; ukaamka tena katika uchaguzi wa Desemba 2007, na huku kwetu damu ilikuwa imeanza kumwagika kabla hata ya kura kupigwa. Watu waliozaliwa katika vilima hivi waliitwa madoadoa, kana kwamba nchi ni kanzu nao ni uchafu wa kufuliwa, na majirani walioazimana mbegu na moto wa jikoni wakatupiana mishale. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki, nami nashukuru. Walakini swali lililolizaa lingali hai.

Hoja ya wanaoliuliza ni moja, ya kwamba ardhi ni ya aliyetangulia. Basi na tuitazame. Olenguruone, hapa hapa Kuresoi, kuanzia 1941, serikali ya kikoloni iliwapeleka Wakikuyu waliotolewa katika nchi ya Wamasai, nao wakasadiki kwamba wamepewa ardhi hiyo iwe milki yao na ya wana wao, ilhali serikali iliwahesabu kuwa wapangaji na kuwatungia kanuni za namna ya kulima. Wakakataa, wakala kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake na hata watoto, hadi walipofukuzwa kuelekea mwaka 1950, nyumba zao zikateketezwa, wengine wakapelekwa kwenye ukame wa Yatta. Kiapo kile kilikuwa miongoni mwa chemchemi za Mau Mau, na kwa hiyo kijiji hiki cha baridi na majani ya chai kina fungu lake katika uhuru wa kila Mkenya. Baada ya uhuru wakaja wengine, Wakipsigis, Wakikuyu na Wakisii, wakapewa au wakanunua.

Na kabla ya hao wote walikuwako Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau. Kama uenyeji ungekuwa wa kutangulia, nani angewashinda hao? Walakini ndio waliotolewa msituni mara nyingi, hata kesi yao ikafikishwa Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikahukumu kwamba haki zao zimevunjwa. Sijapata kumsikia hata mmoja wa wale wanaomwambia Mkisii arudi kwao akisema kwamba yeye naye yu tayari kumpisha Mwogiek.

Suala hili si letu peke yetu. Ayalandi, nchi iliyozoea kusafirisha watoto wake, sensa ya 2022 ilionyesha kuwa mkazi mmoja katika watano alizaliwa ng'ambo, na mwaka 2004 wananchi walikuwa wamekwisha kupiga kura kwamba kuzaliwa katika ardhi yao pekee hakutoshi kumpa mtoto uraia. Lakini wao wabishana juu ya aliyevuka bahari. Sisi twaulizana raia kwa raia, chini ya Katiba ya 2010 inayompa kila mmoja wetu haki ya kukaa popote nchini.

Nilimwuliza mama yule iwapo hajapata kufikiri kuhama. Akanieleza kwamba baba yake alipofariki, jamaa walitaka mwili upelekwe Kisii, naye akakataa. Akazikwa hapa, kando ya shamba la pareto, na waliochimba kaburi walikuwa vijana wa Kikipsigis wa boma la jirani, kulipokuwa kunanyesha. Akachukua sindano ndefu na kamba ya katani, akaanza kushona mdomo wa gunia.

"Sasa nikienda," akasema, "nitamwachia nani?"