KIJIJI CHA ESPELETTE NA PILIPILI YAKE

Leo twapenda kuwaeleza wanachama habari za kijiji kimoja cha Ufaransa ambacho wakulima wake, kama sisi, sifa yao yatokana na kiungo kinachokaushwa.

Espelette kiko kusini-magharibi ya nchi hiyo, karibu na mpaka wa Hispania, katika nchi ya Wabaski, watu wenye lugha yao wenyewe isiyofanana na Kifaransa hata kidogo. Wakazi wake wapata 2,000 tu. Nyumba zake ni nyeupe, na mbao za madirisha zimepakwa rangi nyekundu au kijani.

Pilipili yenyewe si ya huko kwa asili. Ilitoka Amerika baada ya safari za Columbus, na katika karne ya 17 ilikuwa imekwisha kupandwa na Wabaski. Zamani hizo pilipili manga ilikuwa ghali mno, na hii yaota nyuma ya nyumba. Basi wenyeji wakaitumia badala yake katika mchuzi na katika kuhifadhi nyama. Kwa desturi wanawake ndio waliochagua mbegu na kuitunza. Ikiiva hutungwa kwa uzi kama shada la maua, ikatundikwa ukutani upande wa jua. Msomaji asidhani ni kali. Katika majiko yetu wangeiona ya watoto.

Jina lilipopata sifa, ikawa hatari kwamba pilipili ya kwingine ingeuzwa kwa jina la Espelette, na mwenye shamba halisi asipate bei yake. Wakulima wakaungana kulidai jina lao. Mwaka 2000 serikali ya Ufaransa ikalilinda kwa sheria, na mwaka 2002 ulinzi huo ukaenea Ulaya.

Lakini ulinzi una masharti, nayo si mepesi. Pilipili lazima itoke katika vijiji 10 vilivyotajwa, iwe ya mbegu moja tu iitwayo Gorria, na ichumwe kwa mkono. Ya kusagwa huachwa kwanza siku zisizopungua 15 ikamilike kuiva, ndipo ikaushwe katika tanuri. Unga nao huonjwa na wajuzi kabla ya kuruhusiwa kubeba jina. Jirani aliye nje ya mpaka, hata akiwa na mbegu ile ile, hana ruhusa. Twaona sharti hili ni gumu kwake, ila bila mpaka jina lisingekuwa na maana.

Sisi twajua jambo hili kwa majamvi yetu. Gunia moja lililochanganywa mpeta na makonyo huharibu sifa ya karafuu ya jirani aliyeanika vizuri. Huko Espelette, unga ulioshindwa kuonjwa huuzwa kama pilipili nyingine yoyote, bila jina, na hasara ni ya mwenyewe peke yake.

Kila mwaka, Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa Oktoba, hufanya sikukuu ya pilipili, na kuta za kijiji huwa nyekundu tupu.