Intaneti ya Kibaba Humgharimu Maskini Zaidi

Tarehe 12 Juni 2009, Rais Mwai Kibaki alikuwa Fort Jesus, mjini Mombasa, akizindua waya wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi pwani yetu. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM nao ukaanza kazi, na baada yake zikafuata nyaya nyingine. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za ng'ambo, na gharama yake haikuwa ndogo. Siku zile wengi waliamini kwamba, maadamu mlango wa intaneti wa Afrika Mashariki umefunguliwa Mombasa, wenyeji wa Pwani watakuwa wa mwanzo kuingia.

Zaidi ya miaka kumi na mitano imepita. Mji wa Kilifi uko kiasi cha kilomita 60 tu kutoka Mombasa, na Malindi kiasi cha kilomita 120. Katika miji hiyo, na katika hoteli za Watamu, intaneti ya kasi ipo kwa mwenye uwezo wa kuilipia. Lakini mtu akiiacha barabara kuu na kuelekea bara, upande wa Ganze, Bamba, Jilore au Marafa, hali hubadilika. Waya umepita karibu nasi, ila haujapanda mlima kuingia vijijini.

Ajabu ni kwamba sehemu hii si ngeni kwa mambo ya anga na mawasiliano. Katika bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Watoto wa wavuvi walioziona roketi zile zikipaa leo ni wazee wenye wajukuu, na wajukuu hao wangali wakitafuta mahali pa kusimama ili simu ishike mtandao.

Yumkini msomaji atauliza: je, intaneti ya nyumbani si anasa? Mtu asiye na uhakika wa chakula cha jioni aitakie nini? Swali hilo lingekuwa na uzito miaka thelathini iliyopita. Leo halina. Hebu tutazame mambo yalivyo.

Tarehe 15 Machi 2020, kutokana na maradhi ya Covid-19, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote. Wanafunzi waliambiwa wafuate masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa njia ya intaneti. Madarasa machache yalirejea Oktoba mwaka huo, na wengine wakangoja hadi Januari 2021. Sensa ya 2019 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba, katika nchi nzima, waliotumia intaneti miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi walikuwa asilimia 22.6 tu. Maana yake ni kwamba wakati wachache waliendelea kusoma, wengi walikaa. Mtihani uliofuata, hata hivyo, haukuuliza nani alikuwa na mtandao na nani hakuwa nao.

Maradhi yalipungua, lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Mwanafunzi amalizaye kidato cha nne huomba nafasi ya chuo mtandaoni, kupitia KUCCPS. Akiipata, huomba mkopo wa HELB mtandaoni vilevile. Mwalimu naye hutakiwa na Tume ya Kuajiri Walimu ajaze tathmini ya kazi yake mtandaoni, na shule hupokea kazi za tathmini za Baraza la Mitihani na kupeleka alama kwa njia hiyohiyo. Mzazi anayetaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe huelekezwa eCitizen. Isitoshe, mtaala wa umilisi humtaka mtoto atafiti, na mara nyingi neno "tafiti" hufasiriwa kuwa "tafuta mtandaoni". Kwa hiyo asiye na intaneti hajakosa burudani. Amekosa njia ya kupitia.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: maskini hulipia intaneti, na huilipia kwa bei ya juu kuliko tajiri.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika biashara ya intaneti methali hii imegeuzwa: haba na haba huumaliza mfuko, na kibaba kisijae. Mwenye mshahara hulipia laini ya mwezi mzima, akatumia yeye, mkewe, watoto na hata mgeni, bila kuhesabu. Asiye na mshahara hununua kifurushi cha siku moja au cha saa moja, kama anunuavyo mafuta ya kupima na sukari ya shilingi kumi dukani. Kifurushi hicho huisha muda wake ukifika hata kama hakijatumika chote, na asubuhi huanza tena.

Tufanye hesabu. Jamaa inayonunua kifurushi cha shilingi 50 kila siku hutoa shilingi 1,500 kwa siku thelathini. Katika baadhi ya mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, kiasi kama hicho kimekuwa kikitosha kulipia intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa mwezi mzima. Fedha ni zilezile, ila mmoja amepata kisima na mwingine amepata kikombe.

Basi kwa nini asilipe kwa mwezi? Jibu liko katika namna riziki inavyopatikana kwetu. Upepo wa kusi unapovuma, bahari huchafuka na mwenye dau dogo hushinda pwani akishona nyavu. Miezi ya Aprili hadi Juni watalii hupungua, na wafanyakazi wengi wa hoteli za Malindi na Watamu hurudishwa nyumbani. Mkulima wa Magarini naye hungoja mvua. Watu wa namna hii hupata fedha, lakini hawazipati kila tarehe moja ya mwezi. Ankara isiyojua msimu haiwafai, hata ikiwa nafuu.

Kampuni za mawasiliano nazo zina hesabu zake. Kuchimba mtaro wa faiba kufikia mtaa wenye nyumba mia zilizobanana hulipa. Kuuchimba hadi kijiji chenye nyumba zilizotawanyika kati ya mikorosho na minazi hakulipi, au hulipa baada ya miaka mingi. Kodi nayo huongeza mzigo: mwaka 2021 ushuru wa huduma za simu na intaneti ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20, na mwaka 2023 ukarudishwa asilimia 15, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Anayenunua kwa kibaba huilipa kodi hiyo kila anunuapo.

Sheria ililiona tatizo hili zamani. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya 2009 yaliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, ili zile sehemu zisizo na faida kwa mfanyabiashara zifikiwe. Kwa fedha hizo minara imejengwa katika sehemu za mbali, na mamia ya shule za upili nchini zimewahi kuunganishwa. Aidha, serikali iliyoingia mwaka 2022 iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya bure na kilomita 100,000 za faiba. Nia hizo ni njema. Lakini waifai ya sokoni ni ya mtu aliye sokoni. Msichana wa Gredi ya 9 hawezi kukaa gulioni saa mbili za usiku akimalizia kazi ya shule, wala mzazi mwenye busara hatamruhusu. Na shule iliyounganishwa kisha ikafungwa saa kumi za jioni imeunganishwa kwa nusu ya siku tu. Masomo mengi ya kujisomea hufanyika nyumbani, na nyumbani ndiko mtandao usikofika.

Rai yangu ni kwamba shule ifanywe kisima cha intaneti cha kijiji. Pale ambapo laini imefika shuleni, au inaweza kufikishwa kwa fedha za Hazina, isiishie ofisini mwa mwalimu mkuu. Antena ikiwekwa juu ya paa la shule au kwenye mlingoti mrefu, mawimbi yanaweza kufika kilomita kadhaa, almuradi minazi au kilima kisiyazuie. Nyumba inayopokea huhitaji antena ndogo na ruta, na nyumba kadhaa zilizo jirani zinaweza kutumia kifaa kimoja. Palipo na shida ya umeme, sola hutosha, kwa kuwa vifaa hivyo havili umeme mwingi.

Tena si lazima kila kitu kitoke ng'ambo ya bahari. Seva ndogo ikiwekwa shuleni, ikajazwa vitabu, masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na kamusi elezo, mwanafunzi aliye kijijini anaweza kuvisoma humo bila kutumia hata shilingi ya kifurushi, hata siku ambayo laini ya nje imekatika.

Mambo haya si ndoto. Huko Kibera, TunapandaNET ni mtandao wa jamii ulioanzishwa ili kuunganisha shule na vituo vya vijana. Huko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji walishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape kuunda Zenzeleni, ushirika wa mawasiliano unaomilikiwa na wenyeji wenyewe na uliotumia nguvu za jua. Hapa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwaka 2021 mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii. Leseni hiyo ni muhimu, kwa sababu laini ya kawaida ya nyumbani haikukusudiwa kuuziwa majirani, na anayefanya hivyo kwa siri anaweza kukatiwa wakati wowote.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba kumi zikitoa shilingi 20 kila moja kwa siku, mwezi hukamilika na shilingi 6,000 mkononi. Nyumba thelathini hutoa 18,000. Kwa fedha hizo ushirika unaweza kulipia laini, kumlipa kijana mmoja wa kutengeneza vifaa, na kuweka akiba ya miezi ya kusi. Ushirika unaomilikiwa na wenyeji utaujua msimu wao. Utaweza kupokea mchango kila siku au kila wiki, na kumsubiri mvuvi bahari itulie.

Wapo watakaopinga. Watasema vijana watautumia mtandao huo kwa kamari na picha chafu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini kamari imekwisha kufika vijijini kwa simu za mkononi. Tofauti ni kwamba mtandao wa shule unaweza kufungiwa kurasa mbaya, ilhali kifurushi cha saa moja hakina mlezi. Watasema pia kwamba vifaa vitaibwa. Kifaa cha mtu mmoja huibwa, lakini kile ambacho watoto wa kijiji kizima hukitegemea kina walinzi wengi. Neno zito zaidi ni la usimamizi: ni miradi mingapi ya visima imekufa kwa sababu mweka hazina hakutoa hesabu? Hapo sina la kujibu isipokuwa kwamba hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, kila mwanachama aione.

Kabla hayo yote hayajatimia, yapo yanayowezekana kesho asubuhi. Mwalimu anayetaka kutoa zoezi linalohitaji intaneti aulize kwanza ni wanafunzi wangapi wanayo nyumbani, na asiowapa alama za chini wale wasioweza asiwape hata aibu. Mwalimu mkuu mwenye laini aache chumba kimoja wazi hadi saa kumi na mbili, kwa zamu ya walimu na wazazi. Wanafunzi wajifunze kupakua kitabu mara moja na kugawana kutoka simu hadi simu, jambo lisilogharimu kifurushi. Maktaba za umma zifunguliwe siku za Jumamosi na wakati wa likizo, kwa maana likizo ndipo mtoto wa maskini huachwa nyuma zaidi. Na Kaunti ya Kilifi, yenye watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019, iwatake wanaosimamia Hazina ya Huduma kwa Wote waonyeshe, shule kwa shule, ni ipi iliyounganishwa, laini yake ingali hai au imekufa, na inafunguliwa saa ngapi.

Maskini wa pwani hii haombi sadaka. Kila siku anatoa fedha yake, kibaba kwa kibaba, na kwa mwezi mara nyingi hufikia kiasi kile alipacho mwenye nyumba ya ghorofa. Anachostahili ni kupimiwa kwa kipimo kilekile.