Nani Amelipa Chakula Hiki?

Masomo ya Dominika hii ya 26 ya Mwaka C yanatuketisha mezani mara mbili. Nabii Amosi anawasema wakubwa waliojilaza kwenye vitanda vya pembe za ndovu, wanaochagua ndama wanono na kunywa divai kwa mabakuli. Mwinjili Luka naye anatuonyesha tajiri aliyekula vizuri kila siku, na Lazaro mlangoni pake akitamani makombo. Mahubiri ya siku kama hii huwa mepesi kuandaa. Padre anawasema matajiri, waamini wanatikisa vichwa kukubali, na kila mmoja anamfikiria jirani yake.

Leo naomba tuwaache matajiri kidogo, tuitazame meza yenyewe. Nitawapeleka mbali, kwenye meza ambayo niliwahi kuketi kama mgeni, katika jiji la Las Vegas nchini Marekani. Nilikuwa kule kwa miezi miwili ya kiangazi, nikizunguka parokia moja baada ya nyingine kuomba msaada wa misheni, kama mapadre wengi wa Afrika wanavyofanya. Mume na mke, Watanzania wenzetu wanaoishi California, walikuwa wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Walitaka wapumzike siku mbili Las Vegas, wakaniomba tufuatane ili niwaombee baraka na tule pamoja. Ninachosimulia hapa wamekisoma kabla yenu na wameniruhusu.

Jiji hilo liko jangwani. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, mwaka uleule ujenzi wa bwawa la Hoover ulipoanza si mbali na hapo. Kwa miaka mingi chakula kilikuwa chambo tu. Kasino ziliuza nyama kwa bei ya kutupa, kwa sababu mchezaji mwenye njaa huinuka, na akishainuka huenda asirudi. Mambo yalibadilika mwaka 1992, mpishi Wolfgang Puck alipofungua mgahawa wake, Spago, kwenye maduka ya Caesars Palace. Wenye kasino wakaona kumbe watu wako tayari kulipa fedha nyingi kwa chakula chenyewe. Leo, katika hoteli kubwa za barabara ile maarufu, zaidi ya nusu ya mapato hutoka vyumbani, migahawani, kwenye vinywaji na maonyesho, siyo kwenye meza za kamari.

Na mgahawa unaopendwa kuliko yote ni ule wa nyama ya ng'ombe, wa steki. Kuufikia ilitubidi tupite katikati ya ukumbi wa mashine, maana njia zote za pale hupita katikati ya ukumbi wa mashine. Hakuna dirisha, hakuna saa ukutani. Ndani ya mgahawa taa ni hafifu, viti ni vya ngozi, na mhudumu anakuletea nyama mbichi kwenye sinia uitazame kabla haijaenda motoni. Alitueleza kwamba nyama ile ilitunzwa katika chumba cha baridi wiki nne ikikauka polepole, ndipo ikapata ladha. Nilifikiria bucha la kwetu. Muuzaji akisema nyama yake ina mwezi mzima, Bwana Afya atafika kabla wewe hujamaliza kushangaa.

Bei za pale ziliandikwa bila alama ya dola, namba tupu, kana kwamba ni namba za nyimbo za Dominika. Kipande kimoja kilizidi 80. Viazi vilikuwa na namba yake, mchicha wa krimu namba yake. Mama aliagiza nyama yake iive kabisa. Mhudumu aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, maana kule kuikausha steki ya namna ile ni kama kumwaga maji kwenye mtori. Mama hakubadilisha neno.

Nilisema nyama ilikuwa nzuri, na narudia. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba chakula kizuri ni dhambi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, alitaja namna tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kula vya gharama mno, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kutaka chakula kiandaliwe kwa ufundi wa kupindukia. Tulipofundishwa hayo seminarini tulicheka, maana kwa maharage yetu hizo mbili za gharama na ufundi hazikutuhusu. Lakini orodha hiyo yote inamhusu mlaji. Haigusi swali aliloliuliza mama baadaye.

Tulipomaliza, mhudumu alileta bili ndani ya jalada jeusi. Mume aliifungua, akaweka noti za bakshishi, akaifunga. Mkewe aliivuta na kuitazama. Jumla chini ilikuwa sifuri.

"Baba watoto, nani amelipa?"

"Hoteli."

"Hoteli inakujulia wapi?"

Mume alinitazama mimi. Nami niliitazama glasi yangu ya maji.

Sasa niwaeleze jinsi hoteli inavyomjua mtu, kwa sababu wengi wetu tunadhani kasino inaishi kwa bahati. Haina bahati hata kidogo. Chukua gurudumu la ruleti la Kimarekani. Lina vijumba 38: namba 1 mpaka 36, kisha sifuri, kisha sifuri mbili. Ukiweka dola moja kwenye kila kijumba, utakuwa umeweka dola 38. Kijumba kimoja lazima kishinde, na kasino itakurudishia dola yako pamoja na nyingine 35, yaani 36. Dola mbili zimebaki kwao. Hakuna aliyeiba, hakuna gurudumu lililopinda. Hesabu imewekwa wazi mezani, na wachezaji wanaiona kila siku.

Tuseme basi mtu anacheza dola 20 kila gurudumu linapozunguka, mara 40 kwa saa, kwa saa tano. Atakuwa ameweka mezani dola 4,000 kwa jumla, ingawa mfukoni aliingia na chache, kwa kuwa zilezile zinakwenda na kurudi. Kwa hesabu ya zile mbili katika 38, kasino inatarajia kubaki na dola 210 hivi. Siku moja atashinda, siku nyingine atapoteza zaidi, lakini akirudi mara kwa mara hesabu itamfikia. Ile kadi ya uanachama anayoionyesha kila akiketi inaandika kiasi anachoweka na muda anaokaa. Kasino inapiga hesabu ya kile inachotarajia kutoka kwake, kisha inamrudishia sehemu: chumba, tiketi ya onyesho, chakula cha watu watatu. Wanaita zawadi. Ni fedha yake mwenyewe, imepikwa na kuwekwa kwenye sahani.

Bwana yule alikuwa akienda kule kwa miaka mitatu. Anafanya kazi ghalani, mkewe anahudumia wazee usiku. Ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na mkewe alijua ni zamu za ziada. Fedha alizoacha pale, kwa hesabu yake mwenyewe, zingetosha kuezeka nyumba ya mama yake kijijini, ambayo ilikuwa imesimama kuta tupu kwa misimu miwili ya mvua. Mama yule alikuwa akipiga simu kuulizia mabati. Mwanawe alikuwa akimjibu kwamba bei imepanda.

Kesho yake asubuhi nilimuuliza kama alikuwa akitafuta utajiri. Alikataa. "Padre, nina miaka 19 nchi hii. Ghalani mimi ni namba. Hata jina langu wamelikata, wameacha herufi tatu. Pale mlangoni yule dada ananiita kwa jina la ukoo wetu, na analitamka sawasawa. Kwenye birthdei yangu walinitumia kadi kabla ya ndugu zangu."

Jibu hilo limenikalia kichwani kuliko hesabu zote za ruleti. Katika Injili ya leo Bwana wetu anamnyima tajiri jina, anampa maskini. Lazaro ndiye maskini pekee mwenye jina katika mifano yote ya Yesu. Kasino imeuelewa mfano huu vizuri kuliko baadhi yetu wahubiri. Inajua kwamba mtu asiyeitwa kwa jina lake mahali popote atalipa fedha nyingi ili aitwe. Na hapa swali linarudi kwetu. Ni wangapi wanaingia kanisani na kutoka, miaka, bila mtu hata mmoja kuwauliza jina? Vijana wetu wanaoshinda kwenye vibanda vya kubeti, mkeka mkononi, pale angalau wenzao wanawafahamu, wanawapa pole mkeka ukichanika.

Katekisimu yetu ina busara hapa. Haisemi michezo ya bahati ni dhambi kwa yenyewe. Inasema inakuwa mbaya inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya mchezo inaweza kumtia mtu utumwani. Kwa mfano wetu mpaka huo unaonekana hata kwa macho: ni zile kuta zisizo na paa.

Lakini swali la mama, nani amelipa, lina jibu la pili, na hilo liko jikoni. Sahani zile huoshwa na mtu. Mashuka hutandikwa na mtu. Wafanyakazi wa hoteli za Las Vegas, wengi wao wahamiaji, wana chama chao, Culinary Union tawi la 226. Mwaka 1991 wafanyakazi 550 wa hoteli ya Frontier waligoma. Walisimama nje ya lango, kwenye joto la jangwa na baridi ya usiku, kwa miaka 6, miezi 4 na siku 10, mpaka hoteli iliponunuliwa na mmiliki mwingine mwaka 1998 na wao wakarudi kazini na mkataba. Katika muda wote huo hakuna hata mmoja wao aliyevunja mgomo. Nikisoma habari za Lazaro mlangoni, siku hizi nawakumbuka hao. Walikuwa mlangoni, lakini hawakungoja makombo. Papa Leo wa 13 aliandika mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa kumwezesha kuishi, na kwamba ana haki ya kuungana na wenzake. Sijui mahali ambapo fundisho hilo limesimamiwa kwa miguu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Na sisi watu wa Kanisa tusijitenge. Karibu kabisa na barabara ile ya kasino liko Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi, lililochorwa na Paul Williams, msanifu majengo Mmarekani mweusi, na kujengwa mwaka 1963. Kiwanja kilitoka kwa wenye kasino ya Desert Inn. Wakati wa sadaka, pamoja na noti, waamini wageni hutumbukiza kikapuni zile sarafu za rangi za kuchezea kamari, na parokia huzipeleka kasino zikabadilishwe kuwa fedha. Wengine wanacheka wakisikia. Mimi sicheki sana. Hata huku kwetu ipo kengele, ipo paa na yapo madawati ambayo hatukuuliza fedha yake imetoka wapi, tukatangaza jina la mfadhili na kumpigia makofi. Mama yule angekuwa kwenye kamati ya ujenzi, angeuliza.

Jumapili ile tulisali hapo. Wakati wa komunyo niliwatazama wawili wale wakija pamoja kwenye foleni, bado hawajazungumza tangu usiku. Katika meza hii nayo mgeni haletewi bili. Tunakula bure, na tunajua aliyelipa, tunajua alilipa kwa nini, na msalaba umetundikwa juu kabisa pale ili asiwepo wa kusema hakuona. Mume alipokea, akarudi kwenye kiti, akapiga magoti muda mrefu kuliko kawaida. Safari ya kurudi California walikuwa kimya hadi Barstow. Pale mama akasema anataka chai, na tangu pale wakaanza kuongea, taratibu, kwa Kichagga, na mimi nikajifanya nimelala.

Wameendelea kuniandikia. Kwenye kasino za Nevada mtu anaweza kuomba kwa maandishi asiletewe tena matangazo na ofa, naye aliandika. Mshahara wake sasa unapita mikononi mwa mkewe, kwa hiari yake mwenyewe, na anahudhuria kikundi cha watu wenye shida kama yake kila Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa la Walutheri. Paa la nyumba kijijini limefika nusu. Bibi anaambiwa ukweli kuhusu nusu iliyobaki, na alipousikia mara ya kwanza alikaa siku nne bila kupokea simu.

Barua ya mwisho kutoka kasino ilifika wiki mbili baada ya yeye kuandika. Ilikuwa ofa ya usiku mbili na chakula cha watu wawili, karatasi nene, nyeupe, jina la ukoo limeandikwa bila kosa. Mama aliigeuza na kuandika nyuma yake vitu vya dukani: vitunguu, mafuta, unga, maziwa.