Siku ya Mvua: Kazi Igawanywe, Kitabu Kifunguliwe



Masika yamewadia, nasi watu wa mwambao twaujua mwendo wake. Kusi huvuma, mawingu hutanda juu ya bahari, na ufikapo mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi hapa Mombasa, vichochoro hugeuka mito. Mvua ni rehema, na ni katika sunna ya Mtume wetu (S.A.W.) kumwomba Mwenyezi Mungu aijaalie iwe ya manufaa. Moja katika manufaa yake ni kuwakusanya watu wa nyumba moja chini ya paa moja mchana kutwa.

Lakini tujiulize kwa insafu: mapumziko ya siku hiyo ni ya nani? Baba ameegemea mto, kahawa i mbele yake. Watoto wameinamia simu. Mama ndiye ambaye kazi zimemzidia. Nguo alizoanika yampasa aziwahi kabla ya matone ya kwanza, kisha azitundike kwenye kamba ukumbini. Makaa yamelowa, jiko halishiki ila kwa kupepewa. Paa lavuja, sufuria zimetegwa huku na huku, na tope laingia na kila mguu. Juu ya hayo, nazi yangoja kukunwa na mchele wangoja kuchaguliwa. Na tumbo la mtu aliyeshinda ndani, kama mjuavyo, halina subira.

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jibu lake, kama lilivyopokewa na Imam Bukhari, ni kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kuhudumu nyumbani mwake, sisi twaonea haya gani kushika ufagio?

Basi kazi igawanywe. Kijana mwenye nguvu akinge maji ya paani na kuyafunika mapipa. Mvua ikitulia, amwage maji yaliyotuama katika vifuu, makopo na magurudumu mabovu, kwani mbu huhitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili tu kutoka yai hadi kuruka. Maji ya kunywa yachemshwe, maana mafuriko huchanganya maji ya vyoo na ya visima. Baba apande atazame panapovuja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mwana wa kiume naye aikalie mbuzi akune nazi, wala hatapungukiwa na kitu. Kazi ambayo ingemchosha mtu mmoja hadi alasiri, wengi huimaliza mapema.

Sala nayo ina nafasi yake katika siku hii. Imethibiti kwamba usiku wa mvua au baridi kali Mtume alikuwa akimwamuru mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Mvua ikizuia njia ya msikitini, baba na awasalishe mkewe na wanawe, kisha wasitawanyike. Hapo ndipo kitabu kifunguliwe.

Wako wenzetu wasemao kwamba hekaya ni uongo na kuzisoma ni kupoteza wakati. Tahadhari yao twaiheshimu, kwani viko vitabu viharibuvyo tabia, na hata katika Alfu Lela Ulela mzazi yampasa achague ya kuwasomea wanawe. Lakini uongo ni kumhadaa mtu, na msimulizi wa hekaya hamhadai yeyote, tangu aseme "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", kila mtu ajua kwamba anapigiwa mfano. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' alikileta kwa Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, wanyama wakisema mambo yawahusuyo wafalme. Na Mtume mwenyewe alisimuliwa na Bibi Aisha kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaelezana habari za waume zao, mmoja baada ya mwingine hadi Ummu Zar'i. Bukhari na Muslim wamekipokea. Aliketi akamsikiliza mkewe hadi mwisho. Ni wangapi kwetu wasikilizao hivyo?

Mkitaka kitabu cha kuanzia, twapendekeza Adili na Nduguze cha Shaaban Robert wa Tanga, kilichotolewa mwaka 1952. Ni kifupi, lugha yake ni safi, na jambo lake lagusa kila nyumba. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Awatendea wema, nao wamlipa kwa kumtosa baharini. Kisha wao wageuzwa manyani, naye abaki na huzuni ya kuwaadhibu wale awapendao. Someni kwa sauti, kwa zamu, kila mtoto ukurasa wake. Mkifika penye husuda, waulizeni watoto: kisa cha Nabii Yusuf na nduguze mwakikumbuka? Yanafanana wapi? Na sisi humu ndani, nani amemwonea nduguye kijicho? Huenda mtoto akasema katika habari za Adili neno ambalo kwa habari zake mwenyewe asingethubutu kulitamka.

Nyanya asiyesoma herufi za Kirumi asiachwe kando. Hekaya zake ni kitabu kisichopigwa chapa, na akiondoka nazo zitaondoka. Na mama, ambaye miaka yote amesimulia huku akikoroga chungu, leo na aketi, mikono yake itulie, asomewe. Heshima hiyo haigharimu shilingi, na watoto waionao ndiyo watakayokwenda nayo katika nyumba zao.

Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii iwe ya kheri, azilinde nyumba zilizo mabondeni, na atie mapenzi na huruma baina yetu. Amin.