Fungate ya Pili, Al Thakira

Kikao chetu cha Oktoba mwaka 2024 kiliishia kwenye swali ambalo hakuna aliyedhani lingetushinda. Siku ambayo mume na mke wanatimiza mwaka wa ndoa, au miaka kumi, au ishirini na mitano, tunaiitaje kwa Kiswahili?

Kila mmoja alijibu kama anavyosikia kwao. Wenzetu ambao wazazi wao wametoka Dar es Salaam walisema "kumbukumbu ya ndoa". Wa Mombasa wakacheka: kumbukumbu si ya marehemu? Mwingine akaleta "maadhimisho", na sote tukaona gwaride na bendera. Mwenzetu ambaye familia yake ni ya Bukavu akasema kwao ni "jubilei", na ikifika miaka 25 ni jubilei ya fedha, tena kanisani. Na yule wa Muscat, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, akasema kwao neno hilo halipo kwa sababu jambo lenyewe halipo. Harusi husherehekewa mara moja, basi.

Hatukuafikiana, lakini swali lilikuwa na sababu. Wazazi wa mwenzetu mmoja walikuwa wanatimiza miaka 25 mwezi wa Novemba. Wametuomba tusiwataje majina. Kwa kuwa wengi wetu tumekula kwao mahamri na mbaazi tangu tukiwa shule ya msingi, hapa tutawaita kama tulivyozoea: Ami na Khalati.

Ndoa ya miaka 25, nyumba ya miaka 17

Ami ni wa Mombasa, Khalati ni wa Lamu. Walioana Lamu mwezi wa Shaabani, Novemba 1999. Baada ya harusi wakaingia fungate.

Wengi wetu tulilijua neno hili kwa maana ya safari ya maharusi hotelini. Khalati alitusahihisha. Fungate ya kwao ilikuwa siku saba za ndani: bwana harusi anahamia nyumbani kwa bibi harusi, chakula kinaletwa, somo yuko karibu, na hakuna anayewatuma maji wala sokoni. Hata hesabu imo ndani ya neno lenyewe, kwani jirani zetu Wagiriama mpaka leo wakihesabu saba husema "fungahe".

Fungate ya Ami na Khalati haikufika saba. Siku ya nne Ami aliitwa kazini Mombasa. Alikuwa dereva wa lori na mzigo ulikuwa bandarini. Khalati anasema tangu siku ile anamdai siku tatu.

Mwaka 2001 Ami alikuja Doha kuendesha magari ya kampuni ya ujenzi. Khalati alibaki Lamu, kisha akahamia kwa wakwe zake Mombasa. Likizo ilikuwa mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2009 Ami alipata cheo na mshahara uliomruhusu kuleta familia, na mwenzetu akafika hapa akiwa na miaka mitano. Khalati ameshapiga hesabu yake: "Ndoa ina miaka ishirini na mitano, lakini nyumba yetu ina kumi na saba."

Hesabu hiyo si ya kwao peke yao. Kibali cha kuleta mke au mume Qatar kinategemea kiwango cha mshahara. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara hapa ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu sheria inamhusu kila mfanyakazi, wa nyumbani naye akiwemo. Lakini mtu wa mshahara huo haleti familia. Walinzi, madereva na wahudumu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania tunaosalimiana nao kwa Kiswahili kila siku ni waume na wake za watu walio mbali. Kwao mapumziko ya wanandoa ni ile likizo ya kwenda nyumbani, na siku zake zinahesabiwa kuanzia uwanja wa ndege.

Hata wanaoishi pamoja hawaonani sana. Ami huingia kazini alasiri na kurudi usiku wa manane, na Khalati huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kwenye shule anakosaidia watoto wadogo. Mwenzetu anasema wazazi wake huongea kwa karatasi iliyobandikwa kwenye friji: maziwa yamekwisha, fundi wa kiyoyozi anakuja saa nane.

Basi tukachanga. Wazo la kwanza lilikuwa hoteli ya mjini yenye bwawa la kuogelea. Ami alikataa. Alitaka mahali ambapo hasikii injini.

Kwa nini Al Thakira

Al Thakira iko kaskazini ya Doha, kiasi cha saa moja kwa gari, mbele kidogo ya mji wa Al Khor. Anayeijua Qatar kwa jangwa na maghorofa atashangaa, maana hapa kuna mikoko ya kijani na maji yanayopita katikati yake. Tulipata chumba cha kupanga karibu na Al Khor, tukawapeleka Alhamisi jioni, tarehe 14 Novemba, tukarudi kuwachukua Jumamosi. Kwa hiyo haya ya katikati tunayasimulia kama walivyotusimulia wao.

Ijumaa ile mwezi ulikuwa mpevu. Khalati hakuhitaji programu ya simu kujua kuwa maji yangekuwa bamvua, yaani yangejaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Walisubiri yajae, wakakodi kayaki ya watu wawili, wakavaa jaketi za kujiokolea, na Khalati akakaa mbele. Ami anadai ndiye aliyepiga makasia peke yake. Khalati anasema mtu wa bara ya Mombasa hafundishi mtu wa Lamu bahari.

Ndani ya mikoko aligundua jambo. Waarabu wa hapa huuita mti huu "qurm", na sisi tungesema "mkoko" tukamaliza. Khalati alichuma jani, akalilamba upande wa chini, likawa na chumvi. Akaangalia mizizi inayochomoza matopeni kama penseli zilizosimamishwa. "Huu ni mchu," akasema. "Kwa nini wameotesha mchu peke yake?"

Hawakuotesha. Mchu ndio mkoko pekee wa asili wa Qatar, kwa sababu unastahimili chumvi na baridi kuliko wenzake. Lakini swali lake lilionyesha alikotoka. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mtu wa kule haoni msitu mmoja, anaona miti mbalimbali: mkoko, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na mchu. Babu yake alikuwa mkata mikoko. Kwake yeye mlilana ni mataruma ya jahazi, na miti ya kujengea ina majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Mwenzetu, aliyezaliwa na mama huyu, alikuwa analijua neno moja tu kati ya hayo yote.

Boriti hizo ndizo zilizotangulia kufika huku. Majahazi ya Ghuba yaliteremka Afrika Mashariki na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za Lamu na Rufiji, kwa kuwa nchi hizi hazina miti ya kuezekea. Kwa Kiarabu cha Ghuba zinaitwa "danshal", na zinaonekana katika dari za nyumba za kale zilizohifadhiwa Doha. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Na majahazi hayakubeba miti tu. Nyumba ya Bin Jelmood, mojawapo ya makumbusho ya Msheireb, inaeleza jinsi watu pia walivyoletwa kutoka pwani yetu, na utumwa ulikomeshwa Qatar mwaka 1952 tu.

Kaseti

Jioni ya kwanza, wanasema, ilikuwa ngumu. Chumba hakikuwa na televisheni, hakukuwa na friji yenye karatasi, na watoto hawakuwepo. Walikaa barazani wakitazama maji. Ami akauliza kama mlango wa nyumbani umefungwa. Khalati akasema umefungwa. Wakanyamaza.

Jioni ya pili walikuwa wamepitia soko la samaki la Al Khor. Khalati alimwona samaki anayeitwa hapa "safi", akapaza sauti: "Tafi huyu!" "Hamour" ni chewa, "kanaad" ni nguru. Walimchoma tafi kwa ndimu na chumvi, na harufu, anasema Khalati, ilimfungua mdomo mumewe.

Walizungumza kuhusu kaseti. Miaka ile ya mwanzo kadi za simu zilikuwa ghali, kwa hiyo Ami alirekodi sauti na kumpa mtu anayesafiri. Kaseti ikifika Mombasa ilisikilizwa na nyumba nzima. Ami alitoa salamu kwa watu ishirini kwa majina kabla ya kufika kwa mkewe, na alipofika kwake hakuweza kusema neno la maana, maana mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo.

"Lakini sauti yako ilikuwa na mwangwi," Khalati akamwambia. "Nikawaambia watu, mume wangu anakaa nyumba kubwa, kumbi tupu."

Ami akacheka mpaka akaweka samaki chini. Walikuwa wanaume wanane chumba kimoja. Mahali pekee pa kuwa peke yake palikuwa bafuni. Alijifungia humo usiku, redio juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamrekodia mkewe habari njema mpaka mtu agonge mlango.

Khalati hakucheka. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Ami akajibu, "Ungelala?"

Ndoa ina miaka 25, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kusemwa. Tulipowauliza kama walikuwa wakifichana, Khalati alitutazama kama watoto. "Hatukufichana. Hatukupata nafasi." Tunadhani hapo ndipo ilipo maana ya mapumziko ya wanandoa. Picha na keki hazina neno, lakini mambo ya namna hii hayasemwi jikoni saa kumi na moja alfajiri mmoja akitafuta viatu.

Kwa watakaowapeleka wazazi wao

Nendeni kati ya Novemba na Machi. Miezi hiyo joto limepungua, na heroe huonekana kwenye maji mafupi. Angalieni majedwali ya maji kabla ya kukodi kayaki, maana yakipwa mtabaki kwenye matope. Msikanyage mizizi ya mchu, hiyo ndiyo pua yake. Chukueni maji ya kunywa na kofia.

Karibu na hapo, Al Khor, kuna kisiwa kidogo cha Bin Ghannam kinachofikika kwa daraja la miguu. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita watu walitengeneza hapo rangi ya zambarau kutokana na konokono wa baharini. Mwenye muda aendelee mpaka Al Zubarah, mji wa kale wa wavuvi wa lulu ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2013, na ngome yake ya mwaka 1938. Ufuo wa Fuwairit nao ni mtulivu, ila msimu wa ng'amba kutaga, kuanzia karibu Aprili, hufungwa ili mayai yasikanyagwe.

Hoteli kubwa si lazima. Kazi iliyotusumbua zaidi ilikuwa kupata siku mbili ambazo wote wawili wana ruhusa, na Ami aliziomba miezi mitatu mapema.

Na lile neno? Katika kikao cha Desemba tulimwalika Khalati, tukamsomea orodha yetu: kumbukumbu, maadhimisho, jubilei. Akasema zote ni nzuri kwa wenyewe. Yeye yake anaiita fungate ya pili, kwa kuwa ya kwanza haikwisha. Kati ya siku tatu anazodai, amelipwa mbili.

"Dawa ya deni ni kulipa," mmoja wetu akamwambia Ami.

"Nitalipa," akasema, "lakini si kwa haraka. Nikimaliza atanidai nini?"

Kikao kijacho tutaandika orodha ya samaki wa soko la Al Khor kwa majina mawili, la Kiarabu cha hapa na la Kiswahili. Mpaka sasa tunao watatu: tafi, chewa na nguru. Waulizeni wazazi wenu, na mkiwauliza, wakalisheni wote wawili pamoja.