Kumkinga Mtoto Mchanga na Wembe wa Ngariba

 

Ndugu Waislamu, leo twanena juu ya jambo ambalo aghalabu halitajwi mimbarini kwa sababu watu huliona kuwa la aibu, nalo ni kukeketwa kwa watoto wa kike katika mkoa wetu wa Singida. Lakini Mtume wetu hakuona aibu kuwafundisha wanawake wa Madina mambo ya hedhi na josho walipomwuliza, basi na sisi haitupasi kunyamaza.

Zamani msichana wa Kinyaturu alikeketwa akiwa amekwisha kupata akili, na shughuli ilifanywa mbele ya watu, kwa ngoma na chakula. Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ilikataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wengi waliacha. Wengine hawakuacha ila ngoma tu. Kitendo chenyewe walikiingiza ndani ya nyumba, wakakishusha hadi kwa mtoto aliyezaliwa majuma machache yaliyopita. Mchanga hasemi, wala jirani hana habari kwa nini analia. Mtoto wa kilo 3 ana damu takriban robo lita mwilini mwake. Hebu ipime robo lita katika kikombe cha chai, ndipo utakapojua kwa nini jeraha dogo machoni pa mtu mzima laweza kumwua mtoto huyo.

Ukiwauliza wazee sababu, watakujibu kwa neno moja: lawalawa. Ni jina wanalopewa watoto wenye mwasho, usaha au maumivu wakati wa kukojoa. Imani hii ilienea Singida na Dodoma tangu miaka ya 1970. Baada ya Serikali kukataza mila ile, ilisemekana kuwa lawalawa ni hasira ya wahenga kwa kuachwa kwa desturi yao, na kwamba dawa yake ni kukata.

Hapa yampasa Mwislamu asimame atafakari. Anayemkata mwanawe kwa kuogopa mizimu amewapa wafu uwezo wa kudhuru na kuponya, na hilo lagusa shahada yake kabla halijagusa sheria ya nchi. Twajifunza Tauhidi utotoni, twaihifadhi, kisha mtoto anapougua usiku twaikimbia. Nasema haya nikijua kuwa miongoni mwetu wapo wanaosali safu ya kwanza na nyumbani mwao jambo hili limefanyika.

Na ugonjwa wenyewe? Ni maambukizo ya njia ya mkojo au ya uke, na mara nyingi yatokana na uchafu. Tiba yake iko zahanati, na kinga yake imo katika mlango wa kwanza wa vitabu vyetu vya fiqhi, mlango wa Tahara. Mtoto wa kike asafishwe kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe vizuri, wala asiachwe na nguo iliyolowa. Akiwa na homa au akilia anapokojoa, apelekwe kwa mganga wa zahanati siku hiyo hiyo. Kweli, Singida ni nchi ya ukame, na wakati wa kiangazi mama hutembea mbali kutafuta ndoo moja. Basi mume aliye na baiskeli au punda ajue kuwa kuleta maji ni sehemu ya kumlinda binti yake. Asiseme hayo ni mambo ya wanawake.

Wapo watakaodai kuwa hii ni Sunna. Hatuwezi kuficha kwamba vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vimetaja khitani ya mwanamke. Lakini Hadithi mashuhuri inayotegemewa, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, yeye Abu Daud mwenyewe aliidhoofisha. Mwezi wa Novemba 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, wakakubaliana kuwa kitendo hiki ni madhara yasiyo na msingi katika Kurani wala katika Sunna sahihi. Mwaka uliofuata, baada ya msichana mmoja kufariki huko Misri, Mufti wa nchi hiyo, Sheikh Ali Gomaa, alitamka wazi kuwa ni haramu. Tena twajua kuwa Singida hukeketa Mwislamu, Mkristo na asiye na dini. Hii ni mila, tusiivike kanzu.

Khabari njema zipo. Katika mwaka 2010 wanawake waliokeketwa mkoani mwetu walikuwa 51 katika kila 100. Mwaka 2015 na 2016 wakawa 31. Mwaka 2022 wakawa 20. Lakini hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mchanga anayekatwa mwaka huu hataonekana humo mpaka miaka 15 ipite, kwa hiyo tusifurahi kupita kiasi.

Mama mmoja kijana alinijia baada ya darasa, mwanawe mgongoni, akaniuliza: “Sheikh, mama mkwe ataka kumchukua mtoto kwa siku mbili, nami namwogopa. Nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima?” Nilimjibu kuwa heshima ya mkwe ni wajibu, ila hakuna utii kwa kiumbe katika kumwasi Muumba. Kisha nikamwita mumewe, maana mzigo ule haukuwa wake peke yake. Mtume alisali akiwa amembeba Umama, binti wa binti yake Zainabu. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Baba aliyesikia Hadithi hiyo aweza kumwambia mama yake, kwa adabu, kwamba mtoto hatoki nyumbani.

Na pale adabu isipofaa, mwenye khabari aende kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au apige simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto, wala mpigaji halipi kitu.